Kiasi

Babu yangu hakuiita risasi "risasi". Kwake risasi ilikuwa madini, ule uzito laini wa kijivu aliouyeyusha kwenye kopo nyuma ya jiko. Kile kilichoingia ndani ya bunduki kikiwa kamili, baruti pamoja na kichwa chake, kile kipande cha risasi kinachoruka, alikiita kiasi. "Nimebaki na viasi vitatu," angesema jioni akirudi porini, na sisi wajukuu tulielewa kuwa kitoweo cha wiki nzima kimo ndani ya hivyo vitatu. Alikuwa msasi wa gobore kusini ya Tabora, kwenye miombo ya upande wa Sikonge, na kibali chake cha gobore kilikaa kwenye mkebe mmoja na kadi ya chama na cheti cha ubatizo. Baruti aliipima kwa kipande cha pembe ya swala kilichokatwa kwa msumeno. Akishajaza, anapitisha kidole juu ya mdomo wa pembe, kinachozidi kinarudi kwenye kibuyu. Halafu anashindilia kwa mdeki, polepole, akisikiliza mlio.

Nimeishi na neno hilo miaka mingi nikidhani ni Kiswahili cha wazee tu. Nimelielewa ukubwani, tena ugenini, kwenye gereji yenye baridi mjini Ogden, jimbo la Utah, Marekani, nikiwa nimeshika ganda la shaba lenye urefu wa milimita 33 ambalo shingo yake nilikuwa nimetoka kuikunjakunja kwa mkono wangu.

Nilifika Ogden kwa kazi ya ghala, nikabaki kwa sababu ya milima. Mtu akikaa mji huu hawezi kulikwepa jina la Browning. John Moses Browning alizaliwa hapa mwaka 1855, mtoto wa fundi bunduki, na nyingi ya zile bunduki za wenzo ambazo dunia inazijua kwa jina la Winchester zilibuniwa naye hapa, mbali kabisa na kiwanda cha New Haven, Connecticut, kilichozitengeneza. Modeli ya 1886, ya 1892, ya 1894, ya 1895, zote ni akili yake. Makumbusho yake yamo ndani ya stesheni ya zamani ya reli, na nimeingia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Husimuliwa kwamba wakuu wa Winchester walipotaka bunduki nyepesi ya wenzo walimpa miezi mitatu. Akawaambia ataileta ndani ya siku 30, ikishindikana wasimlipe kitu. Akaileta. Hiyo ndiyo modeli ya 1892, na iliyomo kabatini mwangu, chini ya kufuli, ni ya uzao huo.

Kwa asiyeijua: chini ya mtambo kuna mkono wa chuma wenye kitanzi cha kuingiza vidole. Huo ndio wenzo. Ukiusukuma chini kuelekea mbele, komeo, chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, linarudi nyuma, ganda tupu linaruka nje na kinyundo kinakaa tayari. Ukiurudisha, kiasi kipya kinapanda kutoka kwenye bomba lililolala chini ya mtutu, kinaingia chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu kinamolipukia, komeo linajifunga. Vitendo viwili vya mkono mmoja. Ukifungua upande wa mtambo ukatazama vile vyuma vikipishana, unaweza kukaa nusu saa bila kusema neno.

Bunduki hii ilikuwa ya jirani yangu, fundi wa reli aliyestaafu, mtu wa miaka themanini na zaidi. Nilimwita Mzee. Nikamweleza maana ya neno hilo kwetu, na tangu siku hiyo akawa anajibu akiitwa hivyo. Babu yake ndiye aliyeinunua ikiwa mpya. Baridi yabisi ilikuwa imemla vidole, hawezi tena kushika fataki, kile kidude cha kuwasha baruti, kidogo kama punje ya mtama, kwa hiyo alihitaji mikono ya mtu ya kumjazia upya maganda yaliyokwisha kupigwa. Ndivyo nilivyoanza. Majira mawili ya baridi nilikaa kwake kila Jumapili mchana baada ya kanisa, yeye kwenye kiti cha kukunja karibu na hita, mimi mbele ya meza.

Kiasi kinacholiwa na bunduki hii huitwa .44-40. Winchester walikitoa pamoja na modeli yao ya 1873. Namba ya kwanza ni kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu, kwa kipimo cha inchi. Ya pili ni uzito wa baruti nyeusi iliyojazwa ndani, greni 40, ambazo ni kama gramu 2.6. Kichwa chake kilikuwa cha greni 200, karibu gramu 13. Mwaka 1878 Colt, kiwanda kingine cha silaha, nao wakatoa bastola yao inayokula kiasi hichohicho, na hapo ndipo kilipoenea: mchunga ng'ombe alivaa mkanda mmoja wa viasi, vikamfaa kwa bunduki na kwa bastola. Wakafuata ndugu zake wadogo, .38-40 na .32-20. Majina haya usiyaamini sana. Kichwa cha .38-40 kina kipenyo cha inchi .401, kwa hiyo kwa haki kilistahili kuitwa 40-40, na hata 44 yenyewe ni .427 ukiipima kwa vernia, kile kipimio cha vitu vidogo. Mzee alinifundisha kutoamini namba yoyote iliyoandikwa kwenye mtutu hadi nimepitisha ndani yake kipande cha risasi laini, nikakipima kilipotokea upande wa pili. Mitutu ya zamani inatofautiana mno.

Wote watatu wana umbo la chupa: mwili mpana, bega, kisha shingo nyembamba kidogo. Bega la .44-40 ni dogo hivi kwamba mtu asiyejua hulipita bila kuliona. Lakini kazi yote imo kwenye bega hilo na shingo iliyo juu yake.

Nieleze hatua zenyewe kwa kifupi. Ganda lililopigwa limevimba, limechukua umbo la chemba. Unalipaka mafuta kidogo, unalisukuma ndani ya kalibu ya chuma iliyofungwa kwenye mashine ya mkono. Linarudi saizi yake, na sindano iliyo katikati inasukuma nje fataki iliyokwisha kuungua. Unatia fataki mpya. Unapanua mdomo wa shingo kidogo sana, kiasi kwamba kidole kinahisi lakini jicho halioni. Unatia baruti. Unakalisha kichwa. Mwisho unabana mdomo wa ganda uingie kwenye mfereji unaokizunguka kichwa. Kubana huku si pambo. Ndani ya lile bomba la chini ya mtutu viasi vinapangana kimoja nyuma ya kingine, springi inavisukuma, na kila bunduki inaporuka vinagongana. Kichwa kisichobanwa kitazama ndani ya ganda.

(Na kwa sababu hiyohiyo vichwa vya bunduki hizi ni butu. Kichwa chenye ncha kingekuwa kimeegemea fataki ya kiasi kilicho mbele yake, na ukipata mshtuko mmoja bomba zima laweza kulipuka mkononi mwako.)

Siku ya kwanza Mzee alinipa maganda hamsini. Nilikalisha na kubana kwa pigo moja, kwa kuwa kalibu inaruhusu. La kwanza likatoka zuri, la pili zuri. La tatu nilihisi mkono wa mashine unasita, jambo dogo mno, kama kisu kinapogusa mfupa ndani ya mnofu. Nikasukuma. Lilipotoka, shingo ilikuwa imekunjamana na bega limebonyea upande mmoja. Hadi namaliza hamsini, kumi na moja yalikuwa hivyo. Mzee hakusema neno muda wote. Mwishoni akaokota moja akaliweka kiganjani mwangu.

"Unaona? Mdomo ulikuwa umeshaanza kukibana kichwa, na wewe bado unakisukuma kishuke. Sasa kitashuka na nini kama si na shingo?"

"Nilihisi, Mzee."

"Ulihisi, ukaendelea."

Sijasahau. Shingo ya .44-40 ina unene wa karibu milimita 0.18 tu. Ukiishika kwa nguvu ya vidole inaacha alama. Haikubali kulazimishwa, na wala haikubali vitendo viwili kwa wakati mmoja. Tangu siku ile nakalisha vichwa vyote kwanza, hamsini nzima, kisha narekebisha kalibu na kuanza upya kwa kubana peke yake. Pia nakata maganda yote yawe na urefu mmoja, maana lililo refu kwa nusu milimita hufika kwenye kibanio kabla ya wenzake na ndilo litakalokunjamana. Kazi inachukua muda mara mbili. Sioni kama ni muda uliopotea.

Watu wengi hukasirikia wembamba huo, na nimesikia wakiuita kosa la wabunifu wa zamani. Mimi naona kinyume. Baruti nyeusi huacha masizi mengi, na masizi yakirudi nyuma huziba mtambo. Shingo nyembamba ya .44-40 hutanuka papo hapo kiasi kinapolia, inabana ukuta wa chemba pande zote, moshi haupati pa kupita. Bunduki inapigwa siku nzima na komeo bado linateleza. Ganda nene na lililonyooka halizibi vizuri namna hiyo kwa shinikizo dogo la baruti nyeusi. Kwa hiyo unene ule mdogo unaonitesa mezani ndio unaoiokoa bunduki uwanjani.

Baruti yenyewe ndipo neno la babu liliponirudia. Katika zama za baruti nyeusi, mtu alijaza ganda hadi kichwa kikaikandamiza. Nafasi tupu haikutakiwa. Alipima kwa ujazo, kwa kikombe, kama babu na pembe yake. Miaka ya 1890 ikaja baruti isiyo na moshi, na hiyo ni kiumbe kingine kabisa. Inapimwa kwa uzito, kwenye mizani, na kiasi kinachofaa kinaweza kulala chini kabisa ya ganda hata ukafikiri hujaweka kitu. Mtu aliyezoea ile ya kwanza akiijaza hii hadi juu, bunduki itapasuka, na uso wake uko sentimita chache kutoka hapo. Greni 40 za hii si greni 40 za ile. Neno moja, namba moja, na kati yake kuna kifo. Ndiyo maana siandiki hapa baruti gani wala greni ngapi ninazotumia. Vipo vitabu vya viwanda vya baruti vilivyopima kwa vyombo, na mwenye kazi hii hufuata kitabu, bunduki yake mwenyewe, baruti ileile iliyotajwa. Kabla sijakalisha kichwa hata kimoja, nayapanga maganda yote kwenye ubao wenye matundu, nawasha tochi, natazama ndani ya kila moja, kama kina cha baruti ni sawa. Mzee aliniambia mara moja tu kwamba ganda lenye pembe mbili za baruti halina alama yoyote kwa nje.

Tena si kila .44-40 ni sawa mbele ya bunduki. Modeli ya 1873 imefungwa kwa viungo vinavyokunjika kama goti, haina nguvu. Ya 1892 ina nguzo mbili za chuma zinazopanda nyuma ya komeo, imara kweli. Winchester wenyewe waliwahi kuuza viasi vya kasi kwa ajili ya 1892, wakaandika onyo kwenye boksi visiwekwe kwenye 1873. Boksi hizo zinapotea, onyo linapotea nalo, viasi vinabaki. Siku hizi kuna watu wanaoshindana kuzipa bunduki za miaka mia moja kasi ambayo hazikuzaliwa nayo. Nasema wazi kuwa naona ni uharibifu. Ukitaka kasi zaidi, zipo bunduki mpya kila duka. Hii ya zamani imeshatimiza ilichoahidi.

Kujaza upya si uvumbuzi wa wastaafu wenye gereji. Winchester walikuwa wakiuza vifaa vyake tangu miaka ya 1870, na mwaka 1884 John Barlow akaanzisha pale New Haven kampuni ya Ideal, iliyotengeneza chombo mfano wa koleo: upande huu kinatoa fataki, upande huu kinabana, na mwishoni kuna kalibu ndogo ya kumiminia risasi. Mtu alikitia kwenye mkoba wa tandiko la farasi. Duka lilikuwa mbali siku nyingi, viasi vya kiwandani vilikuwa ghali, na ganda tupu lilikuwa mali. Mzee alikuwa nacho kimoja, cha babu yake, mishikio imeng'aa kwa viganja. Nilipokishika mara ya kwanza nilikumbuka kopo la risasi nyuma ya jiko letu. Babu alikuwa akipasua mzoga na kutafuta kichwa ndani ya nyama kwa vidole, anakiosha, anakirudisha kwenye kopo. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Hapa niweke jambo ambalo wasomaji wa nyumbani wataliuliza. Ndiyo, bunduki ya wenzo ilifika kwetu pia, na kwa kishindo. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909, akiwa ametoka ikulu mwezi uliotangulia, alikuwa na Winchester ya modeli ya 1895, kiasi chake .405, akaitumia kwa simba. Lakini ganda la .405 limenyooka kama bomba, halina bega wala shingo, kwa hiyo simhusishi na mateso yangu. Na jingine: ninayofanya hapa ni halali kwa sheria za Utah. Kwetu silaha na risasi zina leseni na masharti yake, na yeyote anayesoma hili akiwa Tanzania au Kenya asilichukue kama ruhusa.

Sasa .30-30, kaka mkubwa. Hiki ni kimoja cha viasi vya kwanza vya uwindaji Marekani vilivyobuniwa moja kwa moja kwa baruti isiyo na moshi, mwaka 1895, kwa modeli ya 1894. Bega lake linaonekana, shingo yake ni ndefu, na kasi yake ya mwanzo ilikuwa kama mita 600 kwa sekunde, jambo lililowashangaza watu waliozoea moshi na mwendo wa .44. Bunduki za 1894 zimetengenezwa zaidi ya milioni saba. Kila Oktoba, msimu wa kuwinda unapofunguliwa hapa, bado utaziona kwenye vioo vya nyuma vya pikapu za wazee.

Ninayo moja, na ndiyo iliyonipa hofu kubwa kuliko zote. Ganda la .30-30 linashikiliwa na ukingo wake wa nyuma, na komeo la 1894 limefungwa kwa nyuma, kwa hiyo chuma chote hujivuta kidogo kila kinapolia. Mimi, kwa kutojua, nilikuwa nikilisukuma ganda ndani ya kalibu hadi mwisho kila mara, bega linarudi nyuma zaidi ya inavyohitajika. Likipigwa, bega linakimbilia mbele kujaza chemba, na shaba inayonyooka inatoka wapi? Inatoka ukutani, karibu na kitako. Ujazo wa tano asubuhi moja, kwenye uwanja wa kulengea shabaha, nilivuta wenzo na ganda likatoka nusu. Kitako kikaruka nje kikiwa kama kifuniko cha chupa ya soda, na mwili wote wa ganda ukabaki ndani ya chemba. Niliketi chini. Hewa ya moto ilikuwa imenipita shavuni, na nilikuwa nimevaa miwani, alhamdulillahi, kama wasemavyo jamaa zangu wa Tabora mjini.

Mzee alikuwa bado hai. Hakunigombeza. Alichukua waya mwembamba, akaukunja ncha kama ndoana, akaupitisha ndani ya maganda yangu yaliyobaki, akiuburuta ukutani kutoka chini kwenda juu. "Njoo usikie." Kwenye ganda zima waya unateleza. Kwenye ganda lililochoka unaanguka kwenye kijimfereji, palepale ambapo kwa nje kuna pete hafifu inayong'aa. Kati ya maganda ishirini, saba yalikuwa na mfereji. Leo kalibu yangu nimeiinua, inagusa bega tu, hailisukumi, na waya ule unaning'inia kwenye msumari juu ya meza.

Kaka wa mke wangu ni mtu wa Uvira, mashariki ya Kongo. Amekuja huku kama mkimbizi, yeye na watoto, baada ya miaka mingi kambini. Jumapili moja aliingia gerejini kunitafuta, akakuta maganda yamepangwa kwenye ubao, yanang'aa. Akasimama. "Shemeji, vile sisi tulikuwa tunaviokota njiani tukienda ku masomo," akasema. Hakuongeza. Akatoka nje akasimama kwenye theluji bila koti. Nilimfuata, na hatukuzungumza bunduki. Tangu siku hiyo mlango wa gereji hufungwa anapokuja, na meza nimeifunika kwa shuka. Nimefikiri sana kama niache. Sijaacha. Lakini siwezi kuandika kuhusu uzuri wa ganda la shaba nikajifanya sijui kwamba kwa mtu wa nyumbani mwangu ni sauti ya usiku ambao hataki kuurudia. Kitu ni kilekile kimoja, na sijui njia ya kumtenganishia.

Shaba yenyewe ina tabia za ajabu. Maganda haya ni mchanganyiko wa shaba nyekundu sehemu 70 na zinki sehemu 30, na kila unapolikunja na kulinyoosha linazidi kuwa gumu, mwisho shingo inapasuka. Dawa ni moto. Ganda linasimamishwa kwenye sahani ya maji, kitako kimezama, shingo inachomwa hadi ianze kubadilika rangi, kisha linaangushwa. Mtu aliyekaa na wahunzi atadhani maji yanaipa ugumu, maana chuma cha pua ndivyo kilivyo. Shaba haijali maji. Maji yapo ili kitako kisilainike, kwa sababu kitako kikilainika hakiwezi tena kuhimili mlipuko. Na kuna adui mwingine asiyeonekana. Katika karne ya 19 jeshi la Uingereza huko India lilikuta maganda yake yanapasuka yenyewe yakiwa ghalani, hasa msimu wa mvua, nayo yalikuwa yamehifadhiwa kwenye mabanda ya farasi. Sababu ikathibitishwa mwaka 1921: amonia, inayotoka kwenye mkojo wa farasi, huingia kwenye shaba iliyokazwa na kuipasua. Kwa hiyo maganda yangu hayaoshwi kwa dawa yoyote ya kung'arishia yenye amonia.

Mzee alifariki Machi, theluji ikiwa bado haijaisha. Watoto wake walinikabidhi bunduki kwa taratibu zote, pamoja na sanduku la mbao la maganda na lile koleo. Kwa muda mrefu sikupiga. Kisha mwaka huu dada alikuja kutoka Tabora na nusu kilo ya nta ya nyuki kwenye begi, kwa kuwa nilimwambia ninaihitaji, hakuuliza ya nini. Ni nta ya mizinga ya magome, ina harufu ya moshi wa msitu ndani yake. Vichwa vya baruti nyeusi vinahitaji mafuta yanayolainisha masizi, na mafuta ya petroli hayafai, hugeuza masizi kuwa kama lami. Nta na mafuta ya kondoo ndiyo yaliyotumika zamani. Niliyeyusha vyote kwenye sufuria ndogo ndani ya sufuria ya maji, gereji ikajaa harufu ya nyumba ya babu, nikalazimika kukaa.

Nikamimina vichwa kwenye kalibu, risasi sehemu 20 kwa bati sehemu 1, mlango wazi, feni inapuliza. Nikapaka. Nikajaza baruti nyeusi kwa mara ya kwanza. Greni 40 haziingii tena, kwa sababu maganda ya sasa yana kitako kinene kuliko yale ya zamani, ziliingia 35. Nilipima kwa kikombe cha shaba, nikapitisha kidole juu ya mdomo.

Jumamosi niliyapeleka uwanjani. Moshi mweupe ukafunga shabaha yote, ikabidi nisubiri upepo kabla ya kila pigo. Komeo liliteleza hadi la mwisho. Shingo moja ilipasuka, mstari mwembamba kama unywele kutoka mdomoni hadi begani, nikaliweka mfukoni peke yake. Jioni nilimimina maji ya moto ndani ya mtutu, yakatoka meusi, kisha ya kijivu, kisha safi, na maganda nikayatia kwenye ndoo ya maji ya sabuni kwa kuwa masizi haya hula shaba yakilala. Yamebaki thelathini na nane katika yale hamsini ya Mzee. Yametandazwa kwenye taulo karibu na hita, midomo ikitazama chini, yakauke.